Melaka, Mji wa Waliongoja Upepo

Watu wa mwambao, ambao wazee wao walihesabu mwaka kwa kusi na kaskazi, hawana haja ya kufafanuliwa kirefu sababu ya mji wa Melaka kusimama pale uliposimama. Rasi ya Malai na kisiwa cha Sumatra hukabiliana, na baina yao upo mlango wa bahari mwembamba, njia kuu ya merikebu zilizotoka Bahari ya Hindi kwenda Uchina na zilizotoka Uchina kuja huku kwetu. Lakini upepo uliozileta merikebu za India sio uliozileta za Uchina, wala pepo hizo mbili hazikuvuma pamoja, hivyo watu wa magharibi walipotia nanga aghalabu waliwakuta wenzao wa mashariki ama wamekwisha kwenda zao ama hawajawasili bado, nao wakapakua shehena, wakapanga nyumba, wakangoja. Na mahali wanapongoja matajiri wenye mali ghalani hapakosi forodha, wabadilishaji wa sarafu, wapishi, kadhi wa kuamua magomvi, na baada ya miezi michache hapakosi harusi.

Nimetanguliza habari hii ya kungoja kwa makusudi, kwa maana wageni wengi wa siku hizi hutoka Kuala Lumpur kwa basi asubuhi, wakaenda kilomita zipatazo 150 kwa muda wa saa mbili hivi, wakaizunguka Melaka mchana kutwa huku wakitazama saa, na jua likitua wamekwisha kuondoka. Mji huu ukimbiliwapo namna hiyo huonyesha uso tu.

Mwanzo wake, karibu na mwaka 1400, Melaka ilikuwa kijiji cha wavuvi. Alikifikia mwana wa kifalme wa asili ya Palembang, jina lake Parameswara, aliyekuwa akiwakimbia maadui zake. Na masimulizi ya Wamalai yasema kwamba alipokuwa amepumzika chini ya mti, mbwa wake wa kuwinda alipigwa teke na kijinyama mfano wa paa, kisichozidi sungura kwa kimo, akatumbukia mtoni, naye Parameswara akaona kuwa nchi ambayo hata vinyama vyake dhaifu vina ujasiri kama ule ndiyo ifaayo kuwekwa mji, akauliza jina la mti, akaambiwa ni mmelaka. Ni kisa kitamu, na kina harufu ya ngano. Sababu ya kweli, kwa maoni yangu, ni ule upepo. Katika karne hiyohiyo watawala wa Melaka walisilimu, na merikebu kubwa za Uchina chini ya amiri Zheng He zikaifanya bandari hii kituo chao cha kuweka akiba. Ndizo zama ambazo Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa Uchina, mwaka 1415, na njia ya kwenda huko ilikuwa ni mlango huu wa Melaka.

Utaratibu wa bandari wastahili kuangaliwa na mtu wa pwani. Sultani aliweka mashahbandar wanne, kila mmoja juu ya kundi lake la wageni: mmoja wa Wagujarati peke yao, kwa wingi wao, mwingine wa watu wa kusini mwa India, Bengali na Pegu, wa tatu wa Java na visiwa vya karafuu na basibasi, na wa nne wa Wachina na majirani zao. Neno lenyewe ni la Kiajemi, maana yake mfalme wa bandari, nasi tumelichukua nusu yake na kulitumia kila siku pasipo kufikiri. Mreno Tomé Pires, aliyefika Melaka mwaka 1512, aliandika kwamba bandarini husikika lugha 84, na katika orodha yake ya wafanyabiashara wametajwa watu wa Kilwa na wa Malindi. Hao, kwa mujibu wa maelezo yake, walikutana na wenzao wa Aden na Hormuz huko Gujarati, wakapanda merikebu za Kihindi zilizong'oa nanga mwezi wa Machi. Basi mwenzetu akienda Melaka leo asijidhanie kuwa wa kwanza.

Na msiba wao ulikuwa mmoja na wetu, nao ni Wareno. Francisco de Almeida aliteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505. Afonso de Albuquerque alikuwamo katika msafara wa Tristão da Cunha ulioiteketeza Barawa mwaka 1507. Na ni Albuquerque huyohuyo aliyeitwaa Melaka mwezi wa Agosti 1511, Sultani Mahmud Shah akakimbilia bara. Mshindi alijenga ngome, akaiita A Famosa, na mawe yake aliyapata kwa kuvunja misikiti na makaburi ya masultani. Mali ya jumba la kifalme ilipakiwa katika merikebu iitwayo Flor de la Mar, ikazama karibu na Sumatra kabla ya mwaka kwisha. Waholanzi waliwatoa Wareno mwaka 1641, na Waingereza waliopewa mji kwa mapatano ya mwaka 1824 walikuwa tayari wamekwisha kuivunja ngome tangu mwaka 1807, maadamu wakati huo mji ulikuwa mikononi mwao kwa amana tu, nao hawakupenda kuwarudishia Waholanzi boma zima. Ulibaki mlango mmoja. Juu yake imechongwa nembo ya kampuni ya Kiholanzi na mwaka 1670. Hapo zamani bahari ilikuwa karibu na miguu yake, lakini sasa maji yamesukumwa mbali kwa kifusi, na badala ya mawimbi mlango unatazamana na maduka.

Msafiri wa mara ya kwanza, basi, na aanze na mlango huo mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali, kisha apande ngazi mpaka juu ya kilima. Huko liko kanisa lisilo na paa, ambalo asili yake ni kijikanisa kilichojengwa na Wareno mwaka 1521, na kuta zake zimeegemezwa mawe ya makaburi marefu kuliko mtu, yenye maandishi ya Kireno na Kiholanzi. Sakafuni liko kaburi tupu lililofunikwa kwa wavu wa chuma: humo alizikwa kwa miezi michache mwaka 1553 Francis Xavier, padri aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na ambaye maiti yake ilipelekwa huko Goa baadaye. Nje imesimama sanamu yake nyeupe ya mwaka 1952, haina kiganja cha kulia. Wenyeji husimulia kuwa mvinje uliiangukia muda mfupi baada ya kuzinduliwa. Na hapo juu ya kilima mtu wa Mombasa atapata jambo la kumchekesha na kumhuzunisha kwa pamoja, kwamba neno la Kireno la kanisa, igreja, Wamalai walilipokea wakalifanya gereja, na maana yake ni kanisa hadi leo. Kwetu neno hilohilo likawa gereza.

Uwanja mwekundu ulio chini ya kilima, pamoja na jumba la magavana wa Kiholanzi na kanisa lililokamilika mwaka 1753, usikuchukulie zaidi ya saa moja. Ile rangi nyekundu isifiwayo ni ya zama za Waingereza, na baiskeli za matairi matatu zilizojipanga pale, zimevikwa wanasesere na maua ya plastiki huku zikipiga muziki kwa kishindo, zatosha kutazamwa kwa mbali.

Vuka mto. Huko ng'ambo ndiko walikokaa wale waliongoja, na barabara iitwayo Jalan Tukang Emas, yaani njia ya masonara, na ile inayoiendeleza, zimepanga kwa hatua chache hekalu la Kihindu la mwaka 1781, msikiti wa Kampung Kling wa mwaka 1748, na hekalu la Wachina la Cheng Hoon Teng la karne ya 17. Msikiti usiupite. Hauna kuba; una mapaa matatu yaliyopandana, kila la juu dogo kuliko la chini, na mnara wake umekwenda daraja kwa daraja kama minara ya mahekalu ya Uchina. Ndani nguzo ni za mtindo wa Ulaya, thurea iliyoning'inia ni ya Kiingereza, vigae vyenye maua vimepanda ukutani, na uani liko birika la kutawadhia ambalo mtu wa Lamu ataliinamia bila ya kuuliza. Sijui jengo jingine mjini linaloeleza habari za Melaka kwa ufupi kama hili.

Katika nyumba za mitaa hii, zenye uso mwembamba na kina kirefu, waliishi Mababa na Manyonya, kizazi cha Wachina waliokita mizizi hapa, wakavaa na kupika Kimalai. Na katikati ya nyumba zao kuna kiwanda kilicho wazi juu, mvua na mwanga huingia humo, kama katika nyumba za mawe za kwetu. Ukisalimiwa utaulizwa "apa khabar", nawe utaelewa nusu ya swali kabla hujafungua kamusi. Msimu wao huuita musim, nahodha ni nakhoda, bandari ni bandar, wakati ni waktu. Bendera ni bendera, na nanasi ni nanas.

Jua likipanda, kaa kivulini uagize cendol: bakuli la barafu iliyoparuzwa, tui la nazi, vijiti laini vya kijani vyenye harufu ya majani ya jamii ya mkadi, na juu yake sukari nyeusi ya tembo la mnazi, ambayo Malaysia nzima huiita sukari ya Melaka. Mwambie muuzaji asikoroge, ili uione sukari ikishuka yenyewe ndani ya tui.

Mtaa wa Jonker hufanya soko la usiku Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, nao hufurika watu. Apendaye msongamano aje siku hizo, na atakaye kuzitazama nyumba aje katikati ya wiki. Melaka iliandikwa pamoja na George Town katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na tangu hapo wageni wamekuwa wengi, lakini alfajiri mji bado ni wa wenyewe: wazee hutoka misikitini, milango ya mbao hufunguliwa mmoja mmoja, mto umetulia. Saa hiyo haipatikani na mtu aliyelala Kuala Lumpur. Basi ukifika kituoni Melaka Sentral, ambacho kiko kilomita chache nje ya mji wa kale, usikate tiketi ya kurudi siku ileile.