Nanga, Gitaa na Mtindo Mpya: Somo la Santuri ya Mwaka 1979

Katika historia ya muziki wa dansi wa Tanzania, neno "mtindo" lina uzito kuliko lilivyo katika mazungumzo ya kawaida. Kila bendi iliyojiheshimu ilikuwa na mtindo wake, na kila mtindo ulikuwa na jina: NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, na Afro 70 walikuwa na Afrosa. Jina hilo lilikuwa kama alama aliyotiwa ng'ombe sikioni. Lilimjulisha msikilizaji, hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa, kwamba muziki huu ni wa nani. Kwa hiyo tunapouliza mtindo mpya huzaliwaje, hatuulizi swali la starehe tu. Twauliza pia ni nani aliyeuzaa, ni nani anayeulea, na ni nani atakayeurithi.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza santuri moja iliyotoka mwaka 1979, ambamo mwanamuziki wa Tanzania alikutana na kundi la vijana wa Uswidi waliokuwa wakipiga muziki wa roki. Baada ya hapo tutaitazama Karagwe, nchi ya nanga, ambayo leo imegawanyika katika wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, tuone santuri hiyo inatufundisha nini. Wako watakaoshangaa: Rugera na Bweranyange zina uhusiano gani na roki ya Ulaya? Tunaamini kwamba zina uhusiano mkubwa, kwa maana swali lililowakabili wale vijana wa mwaka 1979 ndilo linaloikabili nanga hadi sasa.

AFRO 70 NA WENZAO WA USWIDI

Patrick Balisidya alizaliwa Mvumi, katika Mkoa wa Dodoma, mwaka 1946. Alikulia katika nchi ya Wagogo, watu wanaosifika kwa zeze, kwa ilimba, na kwa uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana bila kugongana. Alipofika Dar es Salaam alijiunga na Dar es Salaam Jazz, na mwaka 1970 akaunda bendi yake mwenyewe, ambayo jina lake lilibeba mwaka huo wa kuzaliwa kwake: Afro 70.

Ulikuwa wakati wa mabishano makali juu ya utamaduni. Tangu Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, viongozi walikuwa wakisisitiza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kama mwili usio na roho. Mwaka 1969 muziki wa "soul" kutoka Marekani ulipigwa marufuku katika majumba ya dansi ya Dar es Salaam. Hata hivyo, gitaa la umeme halikufukuzwa. Bendi ziliendelea kulitumia, na baadhi yake zilikuwa chini ya jumuiya na mashirika ya umma. Tatizo basi halikuwa chombo. Tatizo lilikuwa ni kukifanya chombo cha kigeni kiseme maneno ya nyumbani, na jibu la Balisidya lilikuwa Afrosa. Jibu hilo lilithaminiwa kiasi kwamba mwaka 1977 Afro 70 waliiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC, mjini Lagos.

Huko Uswidi nako palikuwa na mabishano yanayofanana na hayo, ingawa yalianzia upande mwingine. Vijana wengi wa nchi hiyo walichoshwa na kampuni kubwa za santuri zilizotazama muziki kama bidhaa ya dukani. Wakaanzisha harakati ya muziki wa kujitegemea na kampuni ndogo zao wenyewe, mojawapo ikiwa MNW, iliyoanzishwa mwaka 1969. Miongoni mwa makundi yaliyotoa santuri kwa kampuni hiyo ni lile lililojiita Archimedes Badkar, yaani hodhi la kuogea la Archimedes. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1975. Walianzia kwenye roki, lakini hawakukaa humo. Bengt Berger, mmoja wa waliopita katika kundi hilo, alikuwa amejifunza ngoma India na Ghana. Mwingine, Christer Bothén, alikuwa amekwenda Mali kujifunza ngoni, chombo cha nyuzi cha wawindaji. Jambo hili ni la kuzingatiwa, kwa sababu linaonyesha kwamba hawakuja Afrika kuokota sauti za kupambia nyimbo zao. Walikuja kama wanafunzi, wakaketi chini mbele ya walimu.

SANTURI YENYEWE

Makundi hayo mawili yalipokutana, tunda lake lilikuwa santuri ndefu iliyotoka Uswidi mwaka 1979, ikiwa na majina yao yote mawili. Iliitwa "Bado Kijana". Jina hilo pekee latosha kutufikirisha. Santuri iliyouzwa katika maduka ya Ulaya ya kaskazini ilipewa jina la Kiswahili, na mnunuzi asiyejua neno hata moja la lugha hiyo alilazimika kulitamka kama lilivyo. Balisidya hakutakiwa kubadili ulimi wake ili apokewe. Kwa kawaida mgeni ndiye hujifunza lugha ya mwenyeji wake. Safari hii wenyeji ndio waliojifunza lugha ya mgeni.

Hapa ndipo tunapoliona fundisho la kwanza. Mtindo mpya hauzaliwi kwa kuviweka vyombo vingi katika chumba kimoja. Kama ingekuwa hivyo, kila duka la vyombo vya muziki lingekuwa na mtindo wake. Mtindo huzaliwa pale wapigaji wanapokubaliana ni sauti ipi iongoze na ipi ifuate. Katika dansi la Tanzania magitaa hugawana kazi: moja huimba, la pili hujibu, la tatu hushika mwendo, na besi huzungumza na miguu ya wachezaji. Katika roki, gitaa moja mara nyingi hutaka kuwa mfalme wa wote. Ili desturi hizi mbili zikae pamoja, ni lazima mmoja apunguze sauti yake, na kupunguza sauti ni kazi ngumu kuliko kuipandisha.

Fundisho la pili ni chungu zaidi. Kwa nini santuri hiyo ilitoka Uswidi, wala si Dar es Salaam? Hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri nchini. Bendi zetu zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zikachapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, wala haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Njia ya santuri ikazibika. Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia kaskazini ya Mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na hadi katikati ya mwaka 1979 taifa zima lilikuwa likibeba gharama za vita. Ndipo Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipopewa jina la Kagera. Katika mwaka huo ambao mkoa wetu ulipata jina jipya kwa damu, mtindo mpya wa Kitanzania ulipata santuri yake ugenini. Hatusemi hayo kwa kulaumu. Twayasema kwa sababu historia ya sanaa haiwezi kutenganishwa na historia ya barabara, viwanda na mipaka.

NANGA YA KARAGWE

Sasa tuirudie Karagwe. Mwaka 1861 wasafiri wa Kiingereza, Speke na Grant, walipokelewa na Mukama Rumanyika katika ikulu yake. Miongoni mwa mambo waliyoyaandika ni muziki waliousikia huko: ngoma, pembe, na nanga. Nanga ni chombo cha mti uliochongwa mfano wa mtumbwi mfupi au sinia refu. Uzi wake ni mmoja tu, hupitishwa huku na huko juu ya uwazi huo mara saba au nane, hata ukawa kama nyuzi nyingi. Tunaona katika umbo hilo mfano mzuri wa umoja: sauti ni tofauti, kamba ni ileile. Ukilegeza mahali pamoja, nyuzi zote zinaathirika.

Lakini ukuu wa nanga si uzi bali neno. Manju wa nanga husimulia habari za mashujaa, vita, uchumba na mauti, na chombo humfuata. Mwanzuoni M. M. Mulokozi, katika uchunguzi wake alioutoa mwaka 1983, alionyesha kwamba tendi za nanga ni tendi kamili, zenye hadhi sawa na tendi za mataifa mengine. Kazi hiyo ilikuwa jibu kwa wataalamu wa ng'ambo waliokuwa wakidai kwamba Afrika haina utendi.

Tendi hizo zililelewa ikulu. Mukama aliwalisha manju, nao wakahifadhi kumbukumbu ya nchi. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963, taifa lilipata usawa wa raia, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini manju alimpoteza mlezi wake. Tangu hapo nanga imekuwa ikiishi kwa fadhila za harusi na sherehe, na kwa moyo wa wazee wachache. Redio ilipoingia vijijini ilileta gitaa la Dar es Salaam na la Kongo, na kijana wa Karagwe akajifunza kulipenda. Hatuwezi kumlaumu kijana huyo. Chombo anachokisikia kila siku ndicho atakachotamani kukipiga.

Aidha, liko tatizo la kipimo. Santuri ndogo ilichukua dakika tatu au nne kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi za dansi ziligawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Santuri ndefu ilichukua dakika ishirini na kitu kila upande. Utendi wa nanga waweza kuchukua saa nzima na zaidi. Chombo cha kuhifadhia huamua umbo la kinachohifadhiwa. Na kile kisichotoshea ndani ya chombo huachwa nje, halafu husahauliwa.

WALIOFUATA

Njia iliyofunguliwa mwaka 1979 haikuota nyasi. Hukwe Zawose, Mgogo mwingine na mwalimu wa wengi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alitoa mwaka 2002 santuri iitwayo "Assembly" pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada. Katika mkoa wetu wa Kagera, Saida Karoli aliiteka nchi nzima mwaka 2001 kwa wimbo "Maria Salome", ambao wengi waliuita "Chambua kama Karanga". Aliimba Kihaya, lugha iliyo jirani sana na Kinyambo cha Karagwe, juu ya ngoma za nyumbani zilizopitishwa katika studio ya kisasa. Watu wa Pwani wasiojua Kihaya waliimba naye. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliujenga upya wimbo huo kwa kizazi kingine.

Mifano hii inathibitisha mambo mawili. Kwanza, lugha ya nyumbani si kizuizi cha kupendwa na wageni; "Bado Kijana" ilikwisha kulionyesha hilo huko Uswidi, na Saida Karoli akalionyesha hapa nchini. Pili, kilichosafiri mbali kutoka Kagera ni ngoma na sauti ya kike, sio nanga. Nanga bado haijampata Balisidya wake.

HITIMISHO

Wako wanaoshauri kwamba nanga iachwe ilivyo, isiguswe na umeme, ili isichafuke. Tunauheshimu ushauri huo, kwa kuwa unatokana na mapenzi. Lakini chombo kisichoguswa huishia makumbusho, na makumbusho hayana masikio. Wako wengine wanaotaka nanga itiwe kidogo katika kila wimbo wa gitaa, kama chumvi katika mchuzi. Hao nao hatukubaliani nao, kwa maana chumvi haina jina katika karamu.

Njia iliyo bora ni ile ya mwaka 1979, ikirekebishwa penye upungufu wake. Mpiga gitaa na aende kwa manju kama mwanafunzi, ajifunze kufuata neno kabla ya kuongoza kwa sauti. Kinyambo na kibaki Kinyambo. Na zaidi ya yote, tendi zirekodiwe kwanza hapa nyumbani, kwa urefu wake wote, bila kukatwa ili zienee katika kipimo cha wengine. Kwani siku hizi vyombo vya kurekodia saa nyingi havihitaji kiwanda wala ruhusa ya mpaka. Balisidya alifariki mwaka 2004. Sauti yake tunayo, kwa sababu iliwekwa katika kanda na katika santuri. Manju wengi wa Karagwe walikwenda zao bila kuacha hata dakika moja. Waliobaki wangali wanaweza kusikilizwa, na kusikilizwa huko ndiko kutakakoamua kama mtindo mpya utakaozaliwa Karagwe utakuwa na mzazi anayejulikana, au utakuwa yatima.