Kichocho Hufuata Mfereji

Leo hatutazungumza habari ya mbegu wala ya mbolea. Tutazungumza habari ya maji, haya haya tunayoyaombea mwaka mzima. Maji yakifika shambani huleta mpunga, mboga na fedha. Lakini yasipotunzwa huleta na mgeni ambaye hakualikwa. Jina la mgeni huyo ni kichocho.

Wako watu wanaosema kwamba mtoto wa kiume akikojoa damu basi anakua, kwamba hiyo ni dalili ya utu uzima. Ndugu, hapana. Mtoto huyo ni mgonjwa. Ana minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa yake ya damu, na mayai ya minyoo hiyo yanachana kibofu chake. Hicho ni kichocho cha kibofu. Kipo pia kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka na choo kikubwa na mengine hukwama katika ini, mpaka ini linaharibika na tumbo linajaa maji. Na akina mama nao wasisahauliwe. Kichocho cha kibofu huweza kujeruhi njia ya uzazi, na mama akatibiwa ugonjwa wa zinaa ambao hana.

Ugonjwa huu si wa jana. Mwaka 1910 daktari mmoja aitwaye Ruffer alipima miili ya Wamisri wa kale iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa zaidi ya miaka 3,000. Ndani ya figo zao alikuta mayai ya kichocho. Mnyoo wenyewe uligunduliwa mwaka 1851 mjini Cairo na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, na ndiyo maana wengine huuita ugonjwa huu bilhazia.

Lakini kumjua mdudu si kujua njia anayopita. Kwa miaka mingi wataalam walibishana. Wengine walidhani mtu hupata kichocho kwa kunywa maji machafu. Jibu lilitoka kwa wakulima wa mpunga wa Japani, na hapa nataka usikilize vizuri, maana jaribio lenyewe lilifanywa kwa ng'ombe.

Huko Japani, mwaka 1847, daktari Fujii Yoshinao aliandika habari za wakulima wa Katayama waliowashwa na kutoka vipele miguuni kila walipoingia majaruba, kisha wakaugua, na ng'ombe wao vile vile. Mwaka 1909 wataalam wakapeleka ng'ombe kwenye majaruba hayo. Baadhi yao walifungwa midomo wasinywe maji, lakini miguu ikaachwa wazi. Wengine walifunikwa miguu. Matokeo yakawaje? Waliofungwa midomo waliugua. Waliofunikwa miguu walisalimika. Ikajulikana kwamba mdudu huyu huingia kwa kupitia ngozi.

Mwaka 1913 Wajapani Miyairi na Suzuki wakaonyesha kwamba kabla ya kumwingia mtu mdudu hukua kwanza ndani ya konokono. Mwaka 1915 Mskoti Leiper akathibitisha hivyo hivyo kwa kichocho cha Misri, ambacho ni cha aina moja na hiki chetu.

Basi mzunguko ni huu. Mgonjwa anakojoa au anajisaidia majini. Yai linapasuka, kijidudu kinatoka na kutafuta konokono. Akimpata yule anayemfaa, hukaa ndani yake wiki 4 mpaka 6 hivi, akizaliana. Kisha konokono huyo mmoja huanza kutoa vijidudu kwa maelfu, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, jua linapowaka. Mtu akiingia majini, vinatoboa ngozi yake kwa dakika chache tu. Kijidudu kisichompata mtu hufa kwa siku moja au mbili.

Sasa tazama mkono wa mkulima katika jambo hili. Zamani Wamisri walilima kwa mafuriko ya Mto Nile. Maji yalikuja mara moja kwa mwaka, yakaondoka, ardhi ikakauka, konokono wengi wakafa. Baadaye yakajengwa mabwawa na mifereji ya kumwagilia mwaka mzima. Mavuno yakaongezeka, na konokono nao wakapata makao ya kudumu. Katika sehemu zilizopimwa Misri ya Juu miaka ya 1930, wagonjwa walikuwa chini ya 12 katika kila watu 100 kabla ya umwagiliaji huo. Baada ya miaka 3 tu walizidi 40.

Sudani nayo ilifungua mashamba ya pamba ya Gezira mwaka 1925, na kichocho kikafuata mifereji. Hapa Afrika Mashariki kichocho cha tumbo kiliwapata wakulima wa mpunga wa Mwea, Kenya, na wafanyakazi wa shamba la miwa la Arusha Chini, kusini ya Moshi. Senegali ilimaliza bwawa la Diama mwaka 1986, na kufika mwaka 1988 kichocho cha tumbo kilikuwa kimezuka Richard Toll. Sisemi tuache umwagiliaji. Njaa nayo inaua. Nasema anayechimba mfereji ajue anachokikaribisha.

Je, dawa? Mwaka 1918 daktari Christopherson, akiwa Khartoum, alitangaza tiba ya sindano za mshipani. Sindano zilikuwa nyingi na kali. Huko Misri zilitumika mpaka miaka ya 1980, na kwa kuwa sindano hazikuchemshwa ipasavyo, watu wengi sana waliambukizwa ugonjwa mwingine wa ini. Watu walikwenda kutafuta uzima wakarudi na maradhi. Tangu kilipopatikana kidonge cha prazikwanteli, kilichotengenezwa miaka ya 1970, tumeepukana na sindano hizo. Kidonge hiki humezwa baada ya chakula, na dozi hupimwa kwa uzito au urefu wa mtu.

Lakini kidonge huua minyoo iliyomo mwilini leo. Hakikuzuii kuambukizwa kesho ukirudi maji yale yale. Unguja na Pemba wamelipima jambo hili. Tangu mwaka 2012 watu walimeza vidonge mara mbili kwa mwaka, na baadhi ya shehia zikaongezewa kazi ya kuua konokono au elimu kwa wanafunzi na wazazi. Kichocho kilipungua sana, lakini palibaki mahali ambapo kiliendelea kurudi. Japani ndiyo iliyokimaliza. Walitibu wagonjwa, wakaua konokono, wakajenga mifereji kwa saruji, na katika bonde la Kofu majaruba mengi yakageuzwa kuwa mashamba ya matunda. Mwaka 1996 mkoa wa Yamanashi ukatangaza kwamba kichocho kimekwisha. Ilikuwa kazi ya vizazi, si ya msimu mmoja.

Haya, turudi kwetu. Kabla ya kikao kijacho cha kikundi chenu cha umwagiliaji, tembeeni mfereji mzima, mjiulize maswali manne.

La kwanza, nani huingia majini, saa ngapi, kwa muda gani? Mahali watoto wanapoogelea mchana na akina mama wanapofulia ndipo penye hatari kubwa, hata kama ni padogo.

La pili, konokono wapo? Tafuteni penye magugu na maji yaliyotulia. Wa kichocho cha tumbo ni bapa, kama kamba iliyoviringishwa. Wa kibofu ana ncha, na mdomo wake uko kushoto ukimshika ncha juu mdomo ukikutazama. Msiwashike kwa mikono mitupu. Wala msiseme ni wachache basi hakuna neno. Hata penye ugonjwa mwingi, konokono wenye vijidudu huwa wachache tu katika 100, nao wanatosha.

La tatu, wanaofanya kazi shambani hujisaidia wapi? Ikiwa jibu ni kichakani kando ya mfereji, chimbeni choo huko huko shambani, mbali na maji. Choo cha nyumbani hakimsaidii mtu aliye jaruba la mwisho.

La nne, watoto wa shule wakipimwa mkojo na choo, wangapi wana mayai? Mwulizeni bwana afya. Hiyo ndiyo alama ya kweli ya maji yenu.

Mkishajua, fanyeni kazi. Ng'oeni magugu, zibeni madimbwi, acheni mfereji ukauke kwa zamu inapowezekana, ingawa konokono wengine hujificha topeni wakingoja maji. Utafiti wa Senegali uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba penye magugu ya majini yaliyoondolewa, watoto waliambukizwa tena kwa uchache zaidi, na magugu yale yakawa mboji na chakula cha mifugo. Huo ni ukulima ndugu zangu, si udaktari. Anayeng'oa avae gambuti na glavu za mpira, na aende akapimwe. Dawa ya kuua konokono waachieni wataalam, maana huua na samaki. Maji ya kuoga yachemsheni, au yakae siku mbili katika chombo kisicho na konokono.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakajifunza habari za kichocho na maradhi mengine, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Redio haikuchimba hata kimoja.

Basi ndugu mkulima, ukimwona mwanao anakojoa damu, usimpongeze. Mpeleke zahanati, kisha urudi ukautazame mfereji. Kwaheri, na kazi njema.