Baiskeli katika njia za karafuu, Pemba

Uendeshaji baiskeli katika njia za karafuu ni usafiri wa kila siku, na kwa kiasi kidogo utalii, kwenye barabara za kifusi na vijia vya mashambani katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar. Njia hizo hupita baina ya mikarafuu, minazi, migomba na miembe, zaidi katika nusu ya magharibi ya kisiwa. Ulaya na Marekani mtindo wa kuendesha juu ya changarawe umekuwa mchezo tangu miaka ya 2000, na baadaye ukapata baiskeli zake maalumu. Pemba baiskeli inayotumika ni ileile ya kubebea ndizi.

Ardhi na majira

Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi, upana usiozidi 23 na eneo la karibu kilomita za mraba 988. Mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinapindukia mita 800, umekitenga na bara. Sensa ya 2022 ilihesabu wakaazi 543,441, hivyo utulivu wa njia za Pemba ni wa kukosa magari, si wa kukosa watu: hazipiti dakika nyingi bila ya nyumba, skuli, msikiti au watoto waliobeba ndoo za maji.

Hakuna kilima kinachofika mita 150. Hata hivyo vilima vya magharibi vimefuatana bila ya nafasi, na anayetoka Chake Chake kwenda Wete hupanda na kushuka mpaka anafika. Juu hukaa mikarafuu na nyumba, mabondeni hulimwa mpunga. Mashariki, hasa Wilaya ya Micheweni, ni maweni: tambarare ya mawe ya matumbawe yenye kichaka na udongo mdogo, ambako mpando si tatizo ila tairi hukatika.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu hugeuka utelezi na kujaa baina ya gurudumu na madigadi mpaka baiskeli inagoma kwenda. Juni hadi Oktoba ndio wakati mzuri zaidi, na tena Januari na Februari kaskazi inapovuma.

Asili ya njia

Njia nyingi za Pemba zilifunguliwa na karafuu. Zao hili liliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 na likaenea kwa kasi wakati wa Sultani Seyyid Said bin Sultan, kwa mashamba yaliyolimwa na watumwa. Mwanzo kisiwa cha Unguja ndicho kilichotangulia. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba iliyonusurika kwa kiasi kikubwa ikawa ndiyo ghala la karafuu la Zanzibar hadi leo. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa ardhi kwa eka tatu tatu, na mashamba makubwa yakazidi kukatika vipande.

Ramani ya njia inaeleweka kwa kutazama kazi yenyewe. Mkarafuu hupandwa mteremkoni ili maji yasisimame shinani. Huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, kabla ya ua kufunguka, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Karafuu mbichi haziwezi kulala shambani: siku ileile hubebwa nyumbani, huchambuliwa kutoka kwenye makonyo, na asubuhi huanikwa juani juu ya majamvi. Kwa hiyo kila shamba lilihitaji kijia cha kulifikisha nyumbani, kila nyumba kijia cha kuifikisha barabarani, na barabara ya kuzifikisha karafuu kavu kwa mnunuzi, ambaye kisheria ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), lililoundwa mwaka 1968. Makonyo nayo hupelekwa kiwandani karibu na Chake Chake kukamuliwa mafuta.

Wakati wa mavuno baadhi ya wakulima huanika hata juu ya lami, kwa kuwa ina joto, ingawa ZSTC hukataza kwa sababu karafuu huokota mchanga na harufu ya lami. Mwendeshaji hutarajiwa kuzizunguka. Kuzikanyaga ni ugomvi, na ni haki yao wenye karafuu.

Baiskeli na mizigo

Baiskeli iliyozoeleka ni ya chuma, yenye giya moja, breki za fito na magurudumu ya inchi 28: zamani Raleigh ya Uingereza, baadaye Phoenix ya China na nyenginezo za India. Mtaalamu wa baiskeli za kisasa za changarawe angeshangaa akipima tairi la baiskeli hii. Upana wake ni inchi moja na nusu, yaani milimita 38, ambao ni upana uleule unaouzwa leo kwa bei kubwa kama ugunduzi wa barabara mbovu. Linalotofautiana ni uzito, kwani Phoenix na keria yake hupita kilo 20 kabla haijapakiwa kitu.

Hubebwa polo la karafuu au la mkaa, mikungu ya ndizi, kuni, majani ya ng'ombe, madumu ya maji, samaki ndani ya kikapu, na mara nyingi mtu. Mzigo hufungwa kwa ukanda uliochanwa kutoka tyubu kuukuu, ambao huvutika na kukaza wenyewe pale baiskeli inapodunda. Mizigo mirefu hulazwa kukingama na keria, jambo linalomlazimisha anayekutana nayo kwenye kijia chembamba apande ukingo na kupisha.

Mpandoni mwenye mzigo hushuka. Mkono mmoja hushika usukani, wa pili husukuma kiti, na mwili huegemezwa kwenye mzigo ili usivute nyuma. Kushuka ndiko kwenye ufundi zaidi. Breki za fito hazizuii mzigo wa polo, hasa rimu ikiwa na umande, kwa hiyo waendeshaji wengi huongeza breki ya tatu, ambayo ni soli ya kandambili inayogandamizwa juu ya tairi. Kandambili za waendeshaji wa siku nyingi huliwa upande mmoja tu.

Mafundi baiskeli hupatikana karibu kila penye maduka, chini ya mti au barazani, wakiwa na karai la maji la kutafutia pancha, gundi, msasa na spoku za akiba. Breki za mafuta na matairi yasiyo na tyubu huwakuta hawana vifaa vyake, na mgeni mwenye baiskeli ya aina hiyo huja na vyake.

Honda, kama pikipiki zinavyoitwa hapa bila ya kujali zimeundwa wapi, zimechukua sehemu kubwa ya kazi hii. Gari la ng'ombe bado lipo.

Njia zinazojulikana

Barabara ya zamani ya Chake Chake–Wete ndiyo iliyosifiwa zaidi na wageni kwa kona zake na mikarafuu iliyoikaribia pande zote. Kutoka humo hukatwa kijia cha Kidike, makaazi ya popo wa Pemba (*Pteropus voeltzkowi*), mnyama asiyepatikana kwengine duniani.

Kaskazini, njia ya udongo kutoka Konde huingia Msitu wa Hifadhi wa Ngezi na kutokea fukwe za Vumawimbi na Verani, kisha Ras Kigomasha penye mnara wa taa. Ndani ya msitu miti mirefu hufunika njia, na udongo hubaki na unyevu hata kiangazi.

Upande wa Mtambwe, barabara ya Bahanasa–Daya–Mtambwe huelekea kwenye kisiwa kidogo cha Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walipata sarafu zaidi ya 2,000. Hapo baiskeli huachwa ng'ambo na kuvukwa kwa miguu maji yakitoka.

Magofu ya Pujini, ngome ya karne ya 15 inayohusishwa na mtawala Mkama Ndume, yapo kiasi cha kilomita 10 kusini-mashariki mwa Chake Chake.

Adabu za njiani

Mwendeshaji hutoa salamu kwa kila anayempita, na mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa. Mgeni hutarajiwa kufunika mabega na magoti. Ramadhani hapaliwi wala hapanywi hadharani mchana, na vyakula vya njiani havipatikani hadi magharibi. Miezi mingine kuna madafu, mihogo na, msimu wake ukifika, shokishoki na doriani. Halua ya Wete huhimili safari kuliko chakula chochote kingine.

Mashindano

Pemba haijulikani kwa mbio za changarawe. Mashindano makubwa ya Afrika Mashariki ni Migration Gravel Race ya Maasai Mara, Kenya, iliyoanza mwaka 2021.

Lami

Juu ya kuhifadhi barabara za kifusi, mfano wa Italia unaweza kutajwa. Mwaka 1997 Giancarlo Brocci alianzisha L'Eroica huko Gaiole in Chianti, katikati ya mizabibu, kwa lengo la kuziokoa barabara nyeupe za Toscana zisitiwe lami. Mbio za kulipwa za Strade Bianche zilifuata mwaka 2007. Ulinganisho huo una upungufu. Mkulima wa Pemba amedai lami kwa miaka mingi, na sababu zake ni za msingi: mzazi wa kupelekwa hospitali, polo la karafuu lisirowe.

Na lami imekuja. Mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, uliotiwa saini mwaka 2008, ulijenga barabara tano za vijijini kaskazini mwa kisiwa, ikiwemo hiyo ya Mtambwe. Ole–Kengeja, kilomita 35 za upande wa mashariki, imefuata. Barabara ya zamani ya Chake Chake–Wete imepanuliwa na baadhi ya kona zake kunyooshwa, na maelezo ya vitabu vya wageni kuihusu yamepitwa na wakati. Nyingi ya za kifusi zilizobaki ni zile fupi za ndani ya shehia, ambazo ramani nyingi hazizionyeshi. Huulizwa kwa sheha, kiongozi wa shehia, au kwa yeyote aliyekaa barazani.