Zana ya kufungwa

Mtafsiri wa kitabu cha mwongozo cha trekta dogo akifika kwenye plau, rotaveta na tela, neno linalomjia kwanza ni "viambatisho". Naomba aliache. Kiambatisho ni cha ofisini: karatasi inayofuata barua, na barua husomeka hata karatasi hiyo ikikosekana. Trekta bila plau halilimi. Wakulima husema zana, na vitenzi vyake ni kufunga na kufungua: fungua rotaveta, funga tela. Kwa hiyo istilahi ninayoitetea ni zana ya kufungwa.

Irente, karibu na Lushoto, kwenye ukingo wa Usambara Magharibi unaotazama Mazinde kule chini, jembe la mkono bado lina kazi kubwa, maana mashamba ni vipande vidogo vilivyolalia mteremko. Mashine inayoweza kugeuka humo ni pawatila, trekta la magurudumu mawili ambalo dereva hulifuata kwa miguu, mikono ikiwa kwenye usukani. Kabla ya masika hufungwa rotaveta. Wakati wa mavuno, tela la kubebea viazi na kabichi. Kiangazi, injini hiyohiyo huvishwa mkanda ikazungusha pampu ya kumwagilia bondeni.

Zana hizi hazifungwi namna moja. Plau hushikwa kwa pini, kwa kuwa ni zana ya kukokotwa tu. Rotaveta hukazwa kwa bolti kwenye giaboksi, kwa kuwa visu vyake hupokea mzunguko wa injini. Hiyo ni zana ya kuzungushwa. Fundi asiyetenganisha hizo mbili atamwelekeza mkulima vibaya.

Na visu hivyo husaga udongo ukawa laini, tayari kushuka na mvua. Wasambaa wanaijua hasara hiyo tangu zamani. Lakini walipolazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya kuuzuia udongo huo, walipinga hadi mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko ulioanza 1981, ulihimiza majani ya guatemala kwenye kingo za kontua, nayo ng'ombe huyala. Rotaveta ifuate kingo hizo, isipande wala kushuka mlima.

Tela ndilo linalonitia hofu zaidi. Kwenye tambarare, ukibana klachi ya kukatia kona ya kushoto, inayoliachia gurudumu la upande huo, pawatila hukata kushoto. Kwenye mteremko mkali, tela lenye mzigo likisukuma kutoka nyuma, gurudumu la kushoto lililoachiwa hukimbia, la kulia likiwa bado limezuiwa na injini, na mashine hukata kulia. Dereva aliyejifunzia bondeni anaweza kuingia korongoni huku akibana klachi aliyofundishwa. Mwongozo unaouzwa Lushoto uliandike jambo hili kwenye ukurasa wa kufunga tela, kabla ya maelezo ya pini: shuka kwa gia ndogo, tumia breki ya tela, klachi za kukatia kona usiziguse.