Dakika 15 na Karamu ya Mwisho

Haya wadau, mlioniomba stori ya Milano hii hapa. Picha ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci wengi mmeiona kwenye sebule za watu, imewekwa fremu. Yenyewe haina fremu wala haihamishiki. Imechorwa ukutani, upana mita 8.8 na kimo mita 4.6, ndani ya bwalo la watawa wa Kidominika pale Santa Maria delle Grazie. Ndiyo, bwalo, kama letu, ila hapa hakuna foleni ya maharage.

Kuingia ni kwa tiketi ya mapema na kwa kikundi. Mnapita milango inayofunguka mmoja baada ya mwingine ili vumbi libaki nje, halafu mna dakika 15 tu. Mwongozaji wetu, mama wa makamo, aliongea haraka kama kondakta wa daladala.

Kilichonishika mimi ni ufundi wenyewe. Desturi ya wakati ule ilikuwa fresko: unapiga lipu kipande cha siku hiyo, unapaka rangi ikiwa bado mbichi, vinakauka pamoja. Ukichelewa imekula kwako. Sasa Leonardo hakuwa mtu wa kukimbizwa. Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, alimpa kazi, naye akaifanya kati ya mwaka 1495 hivi na 1498 kwa tempera na mafuta juu ya lipu kavu, apate nafasi ya kurudia-rudia. Rangi haikushika. Mwaka 1517, mwenyewe bado yuko hai, mgeni aliyeiona aliandika kwamba imeanza kuharibika!

Mengine yakafuata. Mwaka 1652 ukutani palitobolewa mlango, miguu ya Yesu ikaenda na matofali (tunaijua kwa nakala zilizochorwa kabla). Askari wa Napoleon wakageuza bwalo zizi la farasi. Agosti 1943 bomu likaangusha paa na ukuta wa pembeni. Ule wa picha ukapona, ulikuwa umekingwa kwa viroba vya mchanga. Na hapo katikati baadhi ya mafundi walioitwa kurekebisha walipaka rangi zao juu.

Pinin Brambilla Barcilon na wenzake walitumia zaidi ya miaka 20, hadi 1999, kubandua rangi za hao mafundi. Palipokuwa patupu walipaka rangi ya maji hafifu, basi. Kuna wataalamu waliolalamika kwamba Leonardo aliyebaki ni kidogo mno. Mimi nasema bora hicho kidogo, maana ni chake. Hata tundu la msumari lipo, kwenye kichwa cha Yesu, pale ambapo mistari yote ya chumba inakutana.

Ila jamani, geukeni nyuma! Ukuta wa mkabala una Kusulubiwa kwa Yesu, kazi ya Giovanni Donato da Montorfano ya mwaka 1495. Fresko halisi, rangi bado kali, na kikundi chetu chote kimeupa mgongo. Chini yake Ludovico na familia yake walichorwa wamepiga magoti, nyongeza inayosemwa ni ya mkono wa Leonardo, juu ya lipu kavu vilevile. Nilitumia dakika zangu za mwisho kuwatafuta. Wamebaki vivuli.