Tembo wa Rupia Kumi na Tano

Nyakabere iko katika uwanda wa Ruzizi, upande wa Kongo, na mwaka 1916 mto huo ndio uliokuwa mpaka wa vita: ng'ambo Mdachi, upande huu Mbelgiji. Juni, brigedi ya Olsen, ofisa Mdenmaki aliyewatumikia Wabelgiji, ikaingia Usumbura, Bujumbura ya leo. Mwisho wa Julai Kigoma ikaanguka. Tarehe 19 Septemba ikawa zamu ya Tabora.

Kabla Wabelgiji hawajafika, Tabora palikuwa panapigwa pesa. Waingereza walikuwa wameifunga bahari, sarafu za Ulaya haziji, na noti zilizochapwa humo humo koloni watu hawazitaki. Wadachi wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakaipeleka karakana ya reli, wakaungaunga mashine. Chapa ikachongwa na sonara Msinghala. Zikatoka sarafu zaidi ya 16,000 za rupia 15, kila moja gramu 7 na ushei, robo tatu yake dhahabu tupu.

Upande mmoja una tai wa Kaisari, naye hana jipya. Geuza: tembo kainua mkonga, milima nyuma yake, chini mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Mlinganishe na dhahabu za zamani: mwaka 1344 Edward III wa Uingereza alijichapa mwenyewe kwenye dhahabu yake, kasimama melini na upanga na ngao. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, katika dinari zake za karne hiyo hiyo, hakuweka sura ya mtu. Alitosheka na maandishi ya Kiarabu. Mimi nampa ushindi yule tembo, maana hapo pesa ya mkoloni ilionyesha kitu cha nchi, ingawa faida ilikuwa ya mkoloni.

Lakini mchukuzi wa mizigo asingenunua muhogo kwa dhahabu. Yeye alikuwa na hela 5 za shaba ya njano na hela 20 za shaba au shaba ya njano, nazo zimepigwa Tabora, nazo zina T.

Upande wetu tembo alikuja baadaye. Mwaka 1943, Ubelgiji yenyewe ikiwa mikononi mwa Wadachi, Kongo ilipata faranga 2 za shaba ya njano, zenye pembe sita, na tembo anatembea katikati. Zilipigwa Philadelphia, Marekani.