Sakafu Haikushindwa na Mvua

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa amefanya kazi Unguja, alichapisha kitabu cha kujifunzia Kiswahili chenye orodha ndefu ya maneno. Humo mna neno sakafu, mna kitenzi chake kusakifu, na mna neno kipande likiwa na maana ambayo wengi wetu leo hatuijui: kigongo kidogo cha kupigia sakafu ya dari. Miaka mitatu baadaye soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na misheni yake ikaanza kujenga kanisa mahali pale pale. Steere, ambaye muda si mrefu akawa askofu, ndiye aliyesimamia ujenzi huo. Paa la kanisa lile ni la mviringo, kama pipa lililopasuliwa katikati kwa urefu, na halikutegemezwa kwa boriti. Lilitengenezwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji ya Portland, na kwa kuwa wakati ule hakukuwa na kiwanda cha saruji popote Afrika Mashariki, saruji hiyo ililetwa kwa meli. Mtu mmoja, basi, aliandika msamiati wa ufundi wa chokaa, na kabla ya muongo huo kwisha akajenga mojawapo ya paa za mwanzo za saruji katika pwani hii. Kwa kawaida mpito huo huelezwa kwa sentensi moja: saruji ni imara kuliko chokaa, kwa hiyo ikaishinda. Maelezo hayo hayaniridhishi. Sakafu za chokaa za pwani hazikuachwa kwa sababu zilikuwa dhaifu. Ziliachwa kwa sababu watu waliokuwa wakizitunza waliondoka, na waliobaki hawakupewa njia ya kuifanya kazi ile kwa malipo.

Ili jambo hili lieleweke, lazima tuangalie sakafu yenyewe ilivyotengenezwa. Magogo yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, yakarundikiwa matumbawe, na rundo zima likawashwa moto. Matumbawe yakifikia joto la nyuzi 900 hivi hutoa kaboni dioksaidi na kubaki chokaa isiyozimwa. Hiyo ilimwagiwa maji, ikachemka yenyewe na kusambaratika, kisha ikaachwa ilale kwa muda mrefu, maana chokaa isiyolala vizuri hutoa malengelenge baada ya kupakwa. Kwenye jengo, boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti hizo hazizidi sana mita 3, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja ni virefu lakini vyembamba. Juu ya boriti yalilazwa mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe hayo likawekwa zege la chokaa, mchanga na kokoto za matumbawe. Hapo ndipo kipande kilipoingia kazini. Zege la chokaa hukauka polepole, na likikauka husinyaa na kufanya nyufa. Kwa hiyo lilipigwa likiwa bado bichi, likanyunyiziwa maji, likapigwa tena, siku baada ya siku, mpaka nyufa zikajifunga na ute laini wa chokaa ukapanda juu na kuwa ngozi ngumu inayong'aa. Wageni waliopita Unguja katika karne ya 19 waliandika juu ya sauti ya kazi hiyo: safu za watu darini, wakipiga kwa pamoja, wakifuata mdundo wa nyimbo.

Ngozi ile ya juu haikukusudiwa kudumu milele. Hili ndilo jambo ambalo macho yetu ya leo, yaliyozoea kuuliza kitu kitakaa miaka mingapi, yanashindwa kuliona. Fundi wa chokaa alijua kwamba mvua ya masika italamba uso wa dari, jua la kaskazi litaupasua, na nyayo za watu zitaukwangua uso wa baraza. Alikubali hasara hiyo ipate tabaka la juu ili mawe na boriti zilizo chini zisiguswe. Baada ya mvua, ufa ulizibwa kwa chokaa mbichi, kingo zilizomong'onyoka zilipigwa lipu upya, kuta zikapakwa chokaa. Na kwa kuwa chokaa ngumu na chokaa mbichi zina asili moja, kiraka kiliungana na kilichokuwepo badala ya kukaa juu yake kama mgeni. Wachimbaji wa mambo ya kale, kama James Kirkman aliyefanya kazi Gedi tangu mwaka 1948 na Neville Chittick aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, walizichukua sakafu za chokaa kama kurasa za kusoma historia ya jengo, kwa sababu palipo na sakafu moja mara nyingi pana nyingine chini yake. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, sehemu ya upanuzi huo ikaanguka, ikajengwa tena katika karne ya 15. Jengo la pwani lilikuwa kitu cha kurudiwa.

Lakini nani alirudia? Hapa mazungumzo ya fahari kuhusu ustadi wa wazee wetu huwa yanakatika ghafla, na hayafai kukatika. Katika Unguja ya karne ya 19 wengi wa waliokata mikoko, waliobeba mawe na waliosimama darini na vipande mikononi walikuwa watumwa. Nyimbo zile ambazo wageni walizisifu zilikuwa nyimbo za watu wasiolipwa. Tajiri aliweza kuagiza dari ipigwe upya kwa sababu hakuhesabu siku za kazi. Ukiandika bei ya sakafu kwa fedha tu, utaona chokaa, boriti na chakula. Siku mia za mikono ya watu hutaziona popote. Mwashi mwenyewe, aliyeshika mwiko na timazi, huenda alikuwa mtu huru mwenye heshima yake mjini. Nyuma yake lilisimama kundi ambalo majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba, na mwaka 1907 katika pwani ya Kenya. Tangu hapo kazi ya sakafu ikawa na bei. Wenye nyumba hawakupungukiwa na chokaa wala na maarifa. Walipungukiwa na kazi ya bure, na wengi wao walikuwa wakipungukiwa na mali pia. Ushahidi uko juu ya nyumba zenyewe. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, dari bapa zilizokuwa zikipigwa kwa vipande zilifunikwa, moja baada ya nyingine, kwa mapaa ya mabati yenye mteremko. Huwezi kusema bati ni zuri kuliko dari ya chokaa: ni la joto, lina kelele wakati wa mvua, na linashika kutu kwa hewa ya bahari. Uzuri wake ni kwamba halihitaji watu thelathini kila baada ya masika. Mwenye nyumba aliyeezeka bati alikuwa amepiga hesabu sahihi ya mikono aliyonayo. (Neno kipande lenyewe lilikuja kushika maana nyingine katika enzi ya ukoloni: karatasi ya kazi ambayo Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kuivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Maana hizo mbili hazikuzaana, zote zimetoka katika neno la kawaida la sehemu ya kitu. Hata hivyo si rahisi kuzisoma pamoja bila kusimama.)

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 pengo hilo la watunzaji likapanuka. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali na kugawiwa kwa familia, mara nyingi familia kadhaa katika nyumba iliyojengewa moja. Kupewa makazi kulikuwa haki kwa watu waliokuwa wameishi pembezoni mwa utajiri ule. Ila kodi ilikuwa ndogo mno kuweza kulipia hata dari moja, na katika nyumba ya familia nne, ufa wa darini ni wa nani? Aliyekaa chini haoni, aliyekaa juu hana fedha, na mwenye hati ni ofisi. Majengo ya Mji Mkongwe ni takriban 1,700. Ukizidisha swali hilo kwa idadi hiyo, utapata picha ya hali waliyoikuta wataalamu wa uhifadhi walipoanza kuhesabu nyumba zilizochakaa katika miaka ya 1980, na sababu ya kuundwa kwa mamlaka ya kuhifadhi mji huo mwaka 1985.

Katika pengo hilo ndimo saruji ilimoingia. Joseph Aspdin alipata hataza yake Uingereza mwaka 1824, lakini katika pwani yetu saruji ilikuwa bidhaa ya meli mpaka viwanda vilipokaribia: Nairobi mwaka 1933, Bamburi karibu na Mombasa mwaka 1954, Wazo Hill jijini Dar es Salaam mwaka 1966. Mfuko mmoja, mchanga, maji, fundi mmoja na msaidizi wake, na kabla ya jua kutua baraza iliyobomoka imerudi kuwa laini. Hakuna chokaa ya kulaza wala safu ya watu wa kupiga. Kwa mtu aliyeachiwa nyumba bila mikono, huo ulikuwa wokovu, na sioni haki ya kumwita mjinga.

Tabu ni kile kinachofuata. Tazama baraza ya kale iliyozibwa kwa saruji, ukaribie kingo zake. Kiraka chenyewe ni kizima, cha kijivu, kigumu. Ni pembeni yake ambapo kuna mstari mwembamba kama uzi, na kando ya uzi huo lipu ya zamani imekuwa unga, ukiipitishia kidole, weupe unabaki kwenye ngozi. Gonga kiraka kwa kifundo cha kidole, kinalia kama mtungi mtupu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa uso wake, ndivyo unavyokauka. Saruji haiyaruhusu yatoke, kwa hiyo maji yanatafuta njia pembeni, yakibeba chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya vitundu vya chokaa hufanya fuwele zinazoivunja kutoka ndani. Aliyetengenezewa baraza anaona kiraka kimesimama na lipu ya kale imeanguka, anasema, si nilikuambia chokaa ni dhaifu? Anaita fundi aendeleze saruji mbele zaidi. Darini madhara ni makubwa kuliko hayo: unyevu uliofungiwa huozesha vichwa vya boriti pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo hakuna anayepaona.

Yapo mapingamizi mazito. La kwanza ni kwamba hata matengenezo ya chokaa yaliua nyumba, na hilo ni kweli. Wapo waliomwaga tabaka jipya juu ya la zamani bila kukwangua, mara moja, mara mbili, mara tano, mpaka dari ikawa nzito kuliko boriti zinavyoweza kubeba. Ila kosa hilo ni la mkono mmoja na lile la saruji: kukwangua ni kazi ngumu kuliko kuongeza, na palipokosekana watu, kuongeza ndiko kulikobaki. Pingamizi la pili ni la mazingira. Tanuu za chokaa zilikula mikoko na matumbawe, na hatuwezi kuyarudia mambo hayo kwa kiasi kile. Nakubali kabisa. Lakini tanuri la saruji nalo hufika nyuzi 1,450 hivi, na nyumba za kale hazihitaji chokaa ya kujenga mji mpya; zinahitaji ya viraka.

La tatu ndilo lenye nguvu zaidi: kwamba nyumba za zege la kisasa hazina matatizo haya, basi tuachane na zile za chokaa. Tuangalie, basi, zege lililo karibu na bahari. Maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni ya zege, na huko kiraka cha saruji kiko nyumbani kwake. Hata hivyo zege lenye nondo likipata chumvi hupatwa na jambo lile lile kwa njia nyingine: nondo hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege la juu hubanduka kwa vipande. Ukipiga lipu juu ya mbanduko, uso unapendeza msimu mmoja. Anayetaka kutengeneza lazima achimbe mpaka nyuma ya nondo, asugue kutu mpaka chuma king'ae, ndipo azibe. Kwa maneno mengine, zege nalo linadai mikono, isipokuwa limechelewa kidogo kuidai.

Kuna atakayesema kwamba desturi iliyosimama juu ya mgongo wa watumwa haistahili kusifiwa wala kurudishwa. Kwa utumwa, hakuna wa kubishana naye. Lakini tukiiacha hoja hapo, tunakuwa tumewanyang'anya watu wale hata kile walichokijua. Waliopiga sakafu ndio walioijua sauti ya dari iliyoiva na ya dari isiyoiva, na ustadi huo haukuwa mali ya bwana.

Baraza ile ya kingo za unga inatengenezeka. Fundi huanza kwa kubandua saruji kwa patasi, taratibu, asije akang'oa na mawe. Hufagia unga wote, hulowesha shimo mpaka matumbawe yashibe maji, hujaza chokaa na mchanga kwa matabaka membamba, akisubiri kila moja likaze kabla ya jingine, na tabaka la mwisho hulipiga kwa kibao mpaka nyufa zijifunge. Kisha hulifunika kwa magunia mabichi. Magunia hayo huloweshwa asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na mtu wa kuyalowesha lazima awepo, na alipwe.